Saa Nane Niliandika Saba

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuandika namba tatu kwa siku: saa moja na nusu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi jioni. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya jasho, na mwanzoni nilicheka kwamba kuna mtu anayelipwa kwa namba tatu. Kwa namba hizo hizo nilimharibia mama mmoja jina lake. Nitaliandika hapa jambo hilo jinsi lilivyokuwa.

Baba yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa kwenye nyumba za reli. Nilipomaliza kidato cha nne niliingia kiwandani, nikapelekwa chumba cha boila. Wazee niliowakuta huko walinifundisha mambo mawili siku ya kwanza. La kwanza, usiguse bomba kwa mkono mtupu. La pili, fomu ya zamu hujazwa mwanzoni mwa zamu.

Fomu ile ilitaka uende kwenye geji kila baada ya saa moja, usome mvuke umefika wapi, uandike. Lakini boila ikiwa nzima, mshale wa geji husimama pale pale kutwa, na waliotutangulia hawakuona sababu ya kuinuka kila saa kwenda kuandika kitu unachokijua. Unaandika saa zote nane kwa mkupuo, ukiongeza moja hapa, ukipunguza moja pale, ili msimamizi asikute mstari ulionyooka kama reli. Tuliita kupika. "Umeshapika?" anayetoka humuuliza anayeingia. Kuna wenzangu waliopika kwa ufundi, fomu zao zikapendeza kuliko zile za kweli. Boila yenyewe ilikuwa na valvu inayopiga mbinja mvuke ukizidi, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Na kwa kuwa hakuna aliyeumia, hatukuona kwamba tunakosa. Miaka ishirini na kitu nilipika, nikapewa hata cheti cha utumishi mwema.

Kiwanda kilipofungwa nilikaa nyumbani Kaptembwo nikilima mboga kwenye kiploti cha jirani. Kisha mpima ardhi mmoja mwenye ofisi mjini, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja, akaniita. Alitaka mtu wa kufungua ofisi, kutunza funguo na kuangalia mashine.

"Mashine gani?" nikamuuliza.

"Seva. Inakaa kwa chumba chake na feni yake. Usiogope mzee, wewe si ulikuwa mtu wa geji? Hii nayo ni geji tu."

Seva ile ilikuwa sanduku jeusi lenye diski nane ndani, na kompyuta zote za ofisi zilitoa kazi zao humo kupitia waya. Ilikuwa imegawanywa sehemu tatu. Fundi aliyeifunga aliziita volyumu, lakini sisi tuliziita stoo: stoo ya barua, stoo ya hesabu na stoo ya ramani. Stoo ya ramani ilikuwa na diski zake tano peke yake, kwa kuwa ramani za zamani zilizopigwa skani ni nzito sana. Za Subukia, Kabazi, Molo, Olenguruone, zote zilikuwa humo, shamba kwa shamba.

Fundi alinionyesha skrini ndogo yenye mistari mitatu, kila stoo na mstari wake. "Angalia hapa tu, mzee. Hii inakwambia stoo inachukua muda gani kujibu mtu akiomba kitu. Ni milisekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara elfu. Chini ya kumi, lala usingizi. Ikipita ishirini, nipigie. Ikipita mia, huyo ni mgonjwa." Akamwambia bosi aninunulie kitabu kikubwa cha mistari. Akasema nisome mara tatu kwa siku, kwa sababu seva haichoki wakati mmoja. Inategemea nani anaiomba nini, na saa ngapi.

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia. Sitasema sikuyasikia.

Wiki mbili za kwanza nilisoma kweli. Asubuhi sita, mchana saba, jioni sita. Kesho yake sita, sita, saba. Mshale ulikuwa umesimama. Wiki ya tatu, asubuhi moja yenye baridi, nilisoma sita, nikaiandika, kisha kalamu ikaendelea yenyewe: saa nane, saba. Saa kumi, sita. Niliufunga ule ukurasa saa moja na dakika arobaini, ofisi ikiwa bado tupu, nikajisikia nimerudi nyumbani. Hata sikuona kama ni uongo. Nilikuwa nimepika.

Mama ninayemsema alikuwa wa Kabazi, wa umri wa miaka arobaini hivi, na kazi yake ilikuwa kufungua zile ramani za zamani na kuchora mipaka upya kwenye kompyuta. Ni kazi ya macho na subira. Mzee amekufa, wanawe wanagawana shamba, na kila mmoja anataka kujua mpaka unapita mashariki ya mti au magharibi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na alifunga sweta kwenye mgongo wa kiti hata siku za joto. Alikuwa akimaliza ramani nne au tano kwa siku. Ofisi nzima ni yeye peke yake aliyetegemea stoo ya ramani kutwa. Wengine walikuwa wa barua na hesabu, na wale wa chumba cha pili waliopiga skani ramani hawakufungua za zamani.

Siku moja alikuja mlangoni pangu karibu saa tano.

"Mzee, ile ramani imekataa kufunguka. Nimebonyeza, naangalia tu ikizunguka."

"Naja, mama."

Sikwenda. Nilikuwa nikitengeneza kitasa. Nilikwenda saa saba, wenzake wameshatoka kula, yeye akiwa amebaki na kopo lake la viazi na maharagwe. Nikamwambia afungue. Akabonyeza, na ramani ya Olenguruone ikajaa kwenye skrini hata kabla hajatoa kidole.

"Unaona?" nikasema.

"Sasa ndiyo imefunguka. Saa tano ilikuwa imesimama kama ng'ombe amekataa kuvuka mto."

"Basi labda saa tano ni mkono ulikuwa mzito."

Karani wa hesabu alikuwa akiingia wakati huo. Akacheka sana. Kuanzia siku hiyo watu wa chumba cha hesabu, waliozoea kunisalimia "Niaje mzee wa mashine," walipata salamu mpya ya kumpa mama yule. "Mkono mzito, sasa?" Yeye hujibu "Poa" bila kuinua kichwa. Neno lile lilikuwa langu. Hawakulitoa mahali pengine.

Alinijia tena mara nne au tano. Mara hizo zote nilimjibu kwa kitabu. Nilikiweka mezani, nikapitisha kidole: sita, saba, sita. Na jambo baya zaidi ni kwamba nilimwonea huruma kidogo. Nilidhani amechoka, au ana shida ya macho asiyotaka kuitaja, au ya nyumbani. Nilikiamini kitabu changu. Niliyekiandika ni mimi, asubuhi, kabla seva haijaombwa chochote, na bado nilikiamini.

Kazi yake ilishuka hadi ramani mbili kwa siku, siku nyingine moja. Wateja kutoka Subukia walianza kukaa kwenye benchi ya mapokezi, kofia magotini, wakiuliza. Bosi hakuwa mtu wa kufoka. Alimwita mama yule ofisini kwake Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, kisha akaniita mimi.

"Mzee, leta kitabu."

Nikakileta. Mama alikuwa amekaa mikono imekunjwa mapajani. Bosi akaniambia nisome wiki hiyo, stoo ya ramani. Nikasoma kama mtu asomaye somo kanisani. Jumatatu: sita, saba, sita. Jumanne: sita, sita, saba. Jumatano: tano, saba, sita.

"Fundi alisema chini ya kumi ni sawa," bosi akasema. "Mama, mimi nitasema nini? Mashine iko sawa."

"Mashine haiko sawa," akasema mama. "Hiyo kitabu haijui." Kisha akanigeukia mimi, si bosi. "Mzee. Jana saa nane, uliangalia?"

Jana yake saa nane nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mama wa chapati, nikila ndengu na kusikiliza redio. Nakumbuka hata upepo wa vumbi ulivyovuma tukafunika sahani kwa mikono. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ningesema hapana, ningepata aibu, labda ningerudi kwenye mboga zangu. Sikupima hata hayo. Lilikuja jibu la mtu aliyeulizwa na msimamizi, jibu la miaka ishirini na kitu.

"Niliangalia."

Mama alinitazama mara moja, akaangalia kitabu, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika mwisho wa hesabu.

Aliachishwa mwisho wa mwezi ule. Alikunja sweta, akachukua rula yake na kikombe chake, akaaga kila mtu kwa kumpa mkono, hata wale wa "mkono mzito". Alipofika kwangu mlangoni alisema, "Mzee, kaeni salama, wewe na kitabu yako." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Baada yake alikuja kijana mmoja mchapakazi aliyetoka chuo. Wiki ya kwanza ramani mbili kwa siku. Wiki ya pili akaenda moja kwa moja kwa bosi: "Boss, hii seva yenu ni mgonjwa." Kwa kuwa ni wa chuo, na kwa kuwa ni wa pili kulalamika, bosi akampigia fundi.

Fundi alifika saa nne. Hakukiomba kitabu. Alifungua ukurasa kwenye skrini ile ile niliyoangalia kila asubuhi, akabonyeza mahali ambapo sikuwahi kubonyeza, na pakatokea mchoro. Kumbe mashine ilikuwa ikijiandikia yenyewe, kila dakika tano, mchana na usiku, miezi yote ile. Mstari wa stoo ya ramani asubuhi ulikuwa chini, sita, saba. Saa nne unapanda kama ukuta wa mlima Menengai. Mia mbili. Mia tatu na arobaini. Saa saba unashuka, saa nane unapanda tena. Siku baada ya siku, safu ya milima.

Alinieleza kwa upole. Diski moja kati ya zile tano ilikuwa imeanza kufa. Haikufa kabisa, maana ingekufa mashine ingelia. Ilijikokota. "Ni kama watu watano wanapokezana mawe, mmoja ana kidonda mguuni. Hata wanne wakiwa na nguvu namna gani, jiwe litafika kwa mwendo wa yule mmoja." Asubuhi na saa ya kula hakuna mzigo, huoni kitu. Lakini kuanzia saa nne chumba cha pili kilikuwa kikipiga skani ramani mpya na kuzimwaga kwenye stoo ile ile, na hapo ndipo mwenye kutaka kufungua ya zamani anabaki akiangalia ikizunguka.

Kisha akakivuta kitabu changu. Akafungua Jumatano fulani, akakiweka kando ya mchoro. Saa nane: mchoro, mia tatu na kumi. Kitabu, saba.

"Mzee," akasema polepole, "hii saba uliitoa wapi?"

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye umri wa kifungua mimba wangu. Alifunga kitabu, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha kilingane na ukingo wa meza.

Bosi alipokuja kuuliza kwa nini kitabu hakikuonyesha, fundi alijibu kabla yangu. "Hizi vitu wakati mwingine zinajificha, boss. Usomaji wa mkono hauwezi kushika kila kitu." Alinifunika blanketi ambalo sikuliomba, nami nikajifunika hadi kichwani. Diski ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Kabla ya saa kumi kijana alikuwa amemaliza ramani tatu. Bosi akasimama nyuma yake akiangalia, akasema, "Kwa hivyo yule mama... pole yake." Akaendelea kuangalia skrini. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ningesema, tumrudishe. Ningesema, ni mimi. Akaitwa kwenye simu, akaenda.

Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu nilisoma kweli. Saa nane nilikuwa mbele ya skrini, ndengu zikipoa ng'ambo. Niliongeza hata usomaji wa saa tano ambao hakuna aliyeniagiza. Haikunisaidia. Kila nilipoandika namba ya kweli niliona jinsi ilivyo rahisi. Dakika mbili tu.

Nilipoondoka nilikichukua kitabu cha mwaka ule. Hakuna aliyekihitaji. Kilikaa chini ya kitanda miaka mitatu. Mke wangu alikiona siku moja akifagia, akauliza ni cha nini, nikamwambia. Alisema, "Na Kabazi si mbali."

Nilikwenda siku ya Jumanne. Nilimpata bila shida, maana alikuwa ameajiriwa mahali pa kukusanyia maziwa, na kila mtu Kabazi mwenye ng'ombe anapita hapo. Laini ilikuwa ndefu, mikebe ya alumini na madebe ya plastiki. Alivaa koti jeupe. Kwa kila mkebe alimimina maziwa kidogo kwenye kopo refu, akatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Kisha aliinama hadi macho yake yakalingana na maziwa, akangoja kipimo kiache kucheza. Watu walikuwa na haraka. "Mama, andika tu, unajua ng'ombe yangu!" mmoja akapiga kelele. "Ng'ombe yako naijua," akajibu bila kuinuka, "wewe ndiyo sijui." Watu wakaangua kicheko. Akangoja. Kisha akaandika.

Aliponiona alinitambua mara moja.

"Mzee wa mashine. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwako."

"Basi ngoja nimalize laini."

Nilingoja karibu saa mbili, kitabu kwenye mfuko wa karatasi. Alipomaliza akaosha mikono, akaketi kwenye kreti lililopinduliwa, akanionyesha jingine. Nikamweleza yote. Diski, mchoro, chapati, saba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa machozi, na huenda moyoni nilitumaini machozi. Alisikiliza jinsi alivyokuwa akisikiliza mtu wa maziwa.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ulikuwa huangalii. Dirisha langu lilikuwa linaangalia barabara. Saa nane kila siku nilikuwa nakuona kwa mama wa chapati."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema nini, mzee? Wewe ulikuwa na kitabu. Mimi nilikuwa na dirisha." Alikausha mikono kwenye koti. "Nilitafuta kazi kwa wapima ardhi wengine wawili. Wanapiga simu kule. Wanaambiwa, ni mtu mzuri lakini ni polepole. Hata mzee wangu hapa nyumbani aliniuliza, kweli ulikuwa unalala kazini?"

Nikamwomba msamaha. Hakuupokea wala hakuukataa. Aliniuliza, "Bosi umemwambia?"

"Bado."

"Sasa umeanza na mtu ambaye anajua. Asiyejua ni yeye." Akainuka, akachukua mikebe miwili mitupu, mmoja kila mkono. "Enda kwake. Halafu ulete karatasi."

Kesho yake nilikuwa kwa bosi kabla hajavua koti. Nilifungua kitabu mbele yake, nikamwonyesha ukurasa kwa ukurasa ni wapi nilisoma na wapi nilipika. Nilishangaa kwamba mimi mwenyewe niliweza kujua: namba za kupika zina mwandiko mzuri zaidi. Alizipitia mwenyewe zile kurasa. Mwishowe akasema, "Na mimi nilimwambia huyo mama kwamba wewe unaaminika." Hakunitukana. Aliandika barua mwenyewe, hakumpa karani. Ilisema mashine ilikuwa mbovu, kitabu kilichotumika kumwachisha hakikuwa cha kweli, ofisi ilikosea na inaomba radhi, na kazi yake ilikuwa safi na ya haraka kwa miaka yote kabla ya hapo. Akapiga muhuri.

Nilirudi Kabazi wiki ile ile. Laini ilikuwa bado haijaisha. Nilimpa bahasha juu ya vichwa vya watu, naye akaishika kwa vidole viwili, mikono yake ikiwa na maziwa.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nimeisoma. Iko sawa yote."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisoma mara tatu. Lakini alinitazama vile alivyonitazama siku ile ofisini, na nikaelewa kwamba neno langu kwake lina uzito ule ule wa saba ya saa nane. Akafuta mikono kwenye koti, taratibu, kidole kwa kidole. Akatoa barua, akainama nayo kwenye mwanga, akaanza kuisoma mwenyewe kutoka juu, kidole chini ya kila mstari, na watu wa maziwa wakingoja.